Dume wa Mama Minza

Minza alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa uani kwangu hapa Chato, nimekaa kwenye kigoda nachambua dagaa. Namba sikuijua na sauti sikuitambua, maana mara ya mwisho kuisikia ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka kumi. "Dada Vero? Mimi Minza, wa Masumbwe. Mama ametutoka jana. Tunazika Alhamisi." Nikampa pole, nikauliza aliugua nini, akasema ni uzee tu, alijilaza mchana hakuamka. Nikamwambia nitakuja. Binti yangu Neema, aliyekuwa akianika nguo, akauliza huyo aliyefariki ni nani kwetu. Nikamjibu ni mama mmoja niliyemfahamu zamani kazini. Jibu hilo lilinikera mwenyewe, nikaacha dagaa palepale kwenye ungo, nikaingia ndani kukaa peke yangu. Mimi ni mtu wa maneno mengi, anayenijua anajua hivyo, mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Lakini kuna maneno mawili matatu niliyotakiwa kumwambia mama huyo, au kuyasema mbele yake, na nimekaa nayo tangu nina miaka ishirini na moja hadi leo nimestaafu.

Nilikotoka na kwa nini niliondoka kwetu si habari za leo. Itoshe kusema kwamba mwaka ule nilifika Masumbwe na begi moja na cheti cha kidato cha nne, nikapata kazi kwa Mzee Lushinge. Mzee huyu alikuwa mfugaji wa ng'ombe, Msukuma wa kuonwa na watu, ambaye uzeeni alipata wazimu mpya wa kufuga samaki. Alikuwa na mabwawa manne kwenye mashimo ya zamani ya kufyatulia matofali, na ghala la pamba lililobaki tupu akalifanya chumba cha kutotoleshea vifaranga wa kambale. Chumba hicho ninacho kichwani mpaka leo. Kuta bado zilinuka mbegu za pamba, madirisha yamezibwa kwa magunia ili joto lisitoke, jiko la mkaa kwenye kona, pipa la maji juu ya tofali na mpira mwembamba unaodondosha maji tone kwa tone kwenye beseni zilizopangwa chini. Ndani ya kila beseni kulikuwa na kipande cha chandarua kilichotandazwa, na juu ya chandarua ndipo mayai yalipolala. Nilikuwa nikiingia asubuhi, joto linanipiga usoni, miwani ya Fundi Abdala imefunikwa na mvuke, naye ananiambia bila kuinua kichwa, "Funga mlango, dada Vero, unawapa baridi." Nilipenda kuambiwa hivyo. Niliona nami ni mtu mwenye mahali pake duniani.

Fundi Abdala ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa ametumia ujana wake machimboni Geita, akachoka na vumbi, akaenda kujifunza samaki kwenye kituo kimoja kule ziwani, na hadi alipozeeka aliendelea kuchanganya lugha za sehemu hizo mbili. Jike aliye tayari tulimdunga sindano jioni, na asubuhi mayai yalitoka kwa kumkamua taratibu tumboni, yakimiminika kwenye bakuli, rangi ya ulezi. Jike hurudi bwawani akaendelea na maisha yake. Dume wa kambale hakamuliki. Ukitaka mbegu zake huna budi kumuua, kumpasua kwa wembe, na kutoa vifuko viwili vyeupe vilivyojibana pembeni mwa mgongo. Unavifuta kwa kitambaa kikavu, unavikata, unaminya maziwa yake, yale maji meupe ya mbegu, juu ya mayai, ndipo unatia maji kidogo na kukoroga kwa unyoya wa kuku. "Kitambaa kikavu," Abdala alikuwa akisema, "mikono mikavu, bakuli kavu. Mbegu ya samaki imelala. Ikiguswa na maji inaamka, na ikishaamka ina dakika moja tu ya kuogelea. Ukiiamsha mapema, itakimbia peke yake kwenye bakuli mpaka ife, yai bado hujalileta." Nikawa nafuta mikono yangu kwenye gauni kila baada ya hatua tatu, kiasi kwamba Mama Salome, mpishi, alidhani nina ugonjwa wa ngozi.

Kwa sababu dume alikuwa lazima afe, siku ya kutotolesha ilikuwa pia siku ya kula vizuri. Siku nyingine tulikula ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yaliyoungwa kwa karanga. Asubuhi ilikuwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na chai ya rangi. Lakini siku ya kutotolesha, Mama Salome aliletewa dume kwenye sinia, tumbo wazi, akamtia kwenye chungu na nyanya na limao, na wote waliokuwepo uani wakakaribishwa. Jiko lake lilikuwa kibanda cha matete, ukikaa ndani machozi yanatoka kwa moshi, lakini hakuna aliyetaka kukaa nje kwa sababu maneno yote ya Masumbwe yalipita mle. Nani kaoa, nani kaachwa, ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani. Nilijifunza Kisukuma kwenye moshi ule, nusu yake matusi.

Sasa, Mzee Lushinge alifuga samaki kama alivyofuga ng'ombe, na hapo ndipo habari yangu ilipo. Wasukuma wana utaratibu wao wanaouita kubilisa. Mwenye ng'ombe wengi anawagawa kwa watu anaowaamini wamfugie. Mfugaji anakunywa maziwa, anapata samadi, na akimtunza vizuri anapewa ndama, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Kupewa ng'ombe wa kubilisa ni heshima, maana yake watu wanakuona wewe ni mtu. Kumrudisha akiwa amekonda ni aibu ambayo haikuishii wewe tu, kesho mtu mwingine hatakukabidhi hata kuku. Kiangazi cha mwaka ule mabwawa ya Mzee yalipungua maji, naye akaona jambo la kawaida kabisa kuwagawa madume wake sita wa mbegu kwa nyumba sita zenye mashimo ya maji, warudi mvua zikinyesha. Watano walikwenda kwa wanaume wenye majina. Wa kwanza kabisa alipewa Mzee Maduhu, ambaye zizi lake lilionekana kutoka barabarani. Wa sita alipewa Mama Minza.

Mama Minza alikuwa mjane mwenye watoto wanne, mrefu, mwenye sauti ya chini sana, kiasi kwamba ukizungumza naye ulijikuta na wewe unanong'ona. Alikuwa na shimo moja la matofali nyuma ya nyumba, kubwa, lenye kivuli. Nilikuwepo siku alipopewa dume yule, tumekaa barazani na Mzee Lushinge, yeye kapiga magoti. "Wewe sijawahi kukupa kitu," Mzee alimwambia. "Nimtunzie huyu. Akirudi vizuri, masika haya nitakupa ng'ombe wa kubilisa, mwenye maziwa." Mama Minza akashukuru, "Wabeja, baba," akainuka, akambeba yule samaki kwenye ndoo kichwani kama anabeba maji ya kunywa. Minza, mkubwa wa watoto, alikuwa pembeni, nikamsikia akimuuliza mama yake njiani, "Mama, ng'ombe atakuwa na rangi gani?" Watoto wale walikuwa wakinywa uji wa maji matupu. Kijijini wote walijua habari ya ng'ombe yule, na Minza alikwisha kumpa jina.

Mvua za kwanza ziliponyesha madume walirudi. Mzee Lushinge aliniweka mimi nje ya ghala kuwapokea, na daftari mkononi, na nikajiona nimefika. Watu walijaa kama mnadani. Mzee Maduhu alimleta wake kwa baiskeli, kwenye gunia bichi, na ilibidi watu wawili wamtoe. Sijawahi kuona kambale wa namna ile. Alikuwa ameviringana, tumbo linaning'inia, ngozi inang'aa kana kwamba amepakwa samli. Maduhu alisema amemlisha pumba, damu ya machinjioni na dagaa wa kusaga, mara tatu kwa siku. Watu wakapiga vigelegele. Wengine wanne walikuwa wanene vilevile, kila mmoja akijaribu kumpita mwenzake. Mwisho akaja Mama Minza, na sufuria. Ndani yake kulikuwa na samaki mrefu, kichwa kikubwa, mwili mwembamba hadi mkiani, anayejipiga kwenye kuta za sufuria na kutumwagia maji.

Nilimtazama, nikawatazama watu, na mdomo wangu ukaenda wenyewe. "Mama, huyu ulikuwa unamlisha au ulikuwa unamfungisha?"

Loo, walicheka! Mzee Maduhu alishika mti asianguke. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kafunga Ramadhani na Kwaresima pamoja!" wakacheka upya. Mama Minza alisubiri kicheko kiishe, ndipo akasema kwa sauti yake ileile, "Nilimwacha ajitafutie. Mle shimoni mna viluwiluwi na panzi. Pumba nilimpa kidogo, kilichobaki kwa watoto." Nilitakiwa kusikia maneno yale. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na miezi saba ya kufundishwa na Fundi Abdala, na mtu alikuwa ananieleza chakula cha samaki kwa lugha nyepesi. Lakini nilikuwa bado nakifurahia kicheko changu. Mzee Lushinge alimwangalia dume yule, akageuka akaingia ndani, na kila mtu pale alielewa kwamba habari ya ng'ombe imekwisha. Minza aliishika khanga ya mama yake. Kabla ya jioni watoto wa njiani walikuwa wanamwita mama yule Mama Mfungo.

Tukaanza kutotolesha. Dume mnene wa kwanza tulipompasua, tulikutana na mafuta ya njano yaliyojaa tumbo zima, na ilibidi Abdala ayachambue kwa vidole kutafuta vifuko vya mbegu. Vilikuwa vidogo, vimesinyaa. Tukafanya kazi kama kawaida. Kesho yake mayai karibu yote yalikuwa meupe, yameota ukungu. Dume wa pili alitupa jambo baya zaidi. Mayai yaliangua, si mengi lakini yaliangua, tukashangilia, na Mzee Lushinge akatuma soda. Siku ya pili nikaona wale vifaranga hawaogelei, wanazunguka. Nilipowasogezea taa niliona migongo imepinda, wengine mkia umekunjika kama ndoana. Wanazunguka, wanazunguka, wanalala kwa ubavu. Siku ya tatu niliwatoa kwa chujio la chai, nikawamwaga nyuma ya ghala, nikalia. Sioni aibu kusema nililia kwa ajili ya samaki. Nilikuwa nimewatazama tangu wakiwa vitone.

Jikoni kwa Mama Salome lawama zote zilikwenda kwa majike. Mayai mabovu, walisema, majike wamezeeka, wachinjwe wanunuliwe wengine. Mzee Maduhu ndiye aliyesema sana, akitafuna. Mama Salome, ambaye alikuwa ameishi na mume miaka kumi bila mtoto kabla hajarudishwa kwao, na kwa mume wa pili akazaa watano, alikoroga chungu chake akasema, "Hata kwa samaki mnaanzia kwa mke." Wanaume wakahamia habari za mvua. Lakini Mzee Lushinge alikwisha kuamua. Tukishindwa tena, anachinja majike wote na kufukia mabwawa.

Fundi Abdala ndiye aliyekwenda zahanati kuazima darubini ya kupimia malaria. Aliileta Jumapili imefungwa kwenye shuka, tukaiweka dirishani palipo na mwanga, tukampasua dume mnene wa tatu. Abdala akaweka tone la maziwa yake kwenye kioo, akagusisha maji, akatazama, akahesabu kwa sauti ya chini. Hakufika kumi. "Njoo uone," akaniambia. Niliona vitu vidogo kama chembe za vumbi. Wengi walikuwa wametulia. Wachache walitetemeka palepale, na mmoja mmoja alizunguka kama wale vifaranga wangu waliopinda. "Hapa hamna mbale," Abdala akasema. Huko machimboni mbale ni yale mawe yenye dhahabu. "Tumekuwa tunasaga mawe matupu. Mafuta yamemla huyu mume wa watu." Akanieleza jambo ambalo nimelirudia maisha yangu yote. Mbegu dhaifu haina hasara moja. Ile isiyofika inakunyima mtoto, lakini kuna inayofika ikiwa imeharibika, yai linaikubali, na mtoto anazaliwa na ubovu wa baba yake mgongoni. Kumlaumu mama kwa hilo ni ujinga.

Dume wa nne alikuwa hivyohivyo. Wakabaki wawili, wa Maduhu na yule mwembamba, ambaye tulikwisha kumweka kando wa kuliwa. Jike wa mwisho alidungwa sindano, na asubuhi yake Abdala akaitwa Runzewe, mtoto wa dada yake kaungua. Akaniachia wembe. "Umeniona mara za kutosha. Mpasue wa Maduhu, angalia kwenye darubini. Akikataa, basi." Hakumtaja yule mwingine. Nadhani naye alikwisha kumsahau.

Nilimpasua wa Maduhu, nikapambana na mafuta, nikaweka tone kwenye kioo. Hakuna kilichotikisika. Na mayai yalikuwa yamekwisha kutoka, yako kwenye bakuli, hayasubiri. Nikasimama pale, jiko linavuma, pipa linadondosha matone yake, ndipo nikasikia kwenye kona yule mwembamba anajipiga ndani ya ndoo. Nilimpasua haraka. Ndani hakukuwa na mafuta. Vile vifuko vilijaza mgongo wote, vyeupe, vinene, vimekaza. Niliweka tone kwenye kioo, nikagusisha maji, nikainama. Pale chini palichemka kama uji. Walikimbia wote, kila upande, wengi hata kioo hakikuwatosha, nami nikahesabu moja, mbili, hadi nikapita arobaini na bado wanakwenda. Nilicheka peke yangu mle ghalani. Kisha nikaminya, nikatia maji, nikakoroga kwa unyoya, nikayatandaza mayai kwenye chandarua, na yule mwembamba nikampeleka mwenyewe jikoni, nikamwacha kwenye sinia la Mama Salome.

Niliporudi Mzee Lushinge alikuwa ndani. Amesimama mbele ya meza, anamtazama yule mnene aliyepasuliwa. "Umemtumia wa Maduhu," akasema. Hakuwa anauliza. Nami sikujibu. Kama angeniuliza ningesema, hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka mingi.

Mayai yaliangua yote, naweza kusema yote, na vifaranga walinyooka kama sindano. Siku ya tatu walikuwa wingu jeusi kila beseni. Siku ya kumi hakuna anayezunguka. Mzee Lushinge aliita watu, akachinja mbuzi, akamsimamisha Mzee Maduhu mbele na kumwita mfugaji wa kweli. Ng'ombe wa maziwa, yule aliyekwisha kupewa jina na Minza, akapelekwa zizini kwa Maduhu, ambako walikuwa wengi hata hakuonekana. Nilisimama pale na soda mkononi. Kusema kulimaanisha kwamba niliyemcheka mbele za watu ndiye aliyetuokoa, na kwamba mimi, msomi wa samaki, sikumtambua dume bora aliponimwagia maji miguuni. Nikaona nitasema kesho, Abdala akirudi. Abdala aliporudi akaniuliza, "Wa Maduhu ndiye?" nikasema ndiye. Akafuta miwani yake, akasema, "Ajabu," akaenda kuangalia pipa.

Baada ya siku mbili Mama Minza alikuja ghalani. Alibisha hodi mlangoni, hakuingia. "Mwangaluka, mwanangu." Nikaitikia salamu yake. Akauliza, "Yule wangu alifaa?"

Tulikuwa wawili tu. Nyuma yangu beseni zilikuwa zimejaa watoto wa samaki wake. Nikasema, "Tulimla tu, mama."

Akaniuliza tena, "Alikuwa mtamu?"

"Mtamu."

"Haya," akasema, akaondoka. Nilimwangalia hadi alipopita bwawa la mwisho, na roho ilinisuta kiasi kwamba nilishika mlango. Lakini sikumwita.

Kwa sababu ya vifaranga wale Mzee Lushinge aliniandikia barua ya sifa, na barua ile ndiyo iliyonipeleka chuo. Nikawa afisa uvuvi, wanavijiji wakiniita bibi samaki, na hakuna wilaya ya kanda hii nisiyoijua. Nimezunguka nikiwafundisha watu kwamba dume wa mbegu hanenepeshwi, apewe bwawa pana, ajitafutie, apunguziwe pumba, na kabla ya kumtumia apimwe. Nilikuwa maarufu kwa somo hilo. Mwaka mmoja nilifundisha semina Masumbwe, kwenye darasa la shule, na nilipokuwa katikati ya maelezo nikamwona Mama Minza dawati la nyuma, mvi zimejaa, ametulia. Akanyoosha mkono. "Mwalimu," aliniita mwalimu, "hilo la dume mwembamba wewe ulilijuaje?" Darasa zima likanigeukia. "Wataalamu wamegundua," nikasema. Akaitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi aliyeridhika, akashusha mkono.

Alhamisi nilifika Masumbwe saa nne, kupitia Runzewe. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma sasa, watoto wake wameijenga, na shimo la nyuma limefukiwa, limepandwa migomba. Minza alikuja kunipokea, mwanamke mzima, mrefu kama mama yake, akanishika mikono, tukalia. Akanipeleka chumba cha nyuma walikokaa wanawake wa familia. Nikamwambia palepale, maana nilijua nikingoja nitarudi nayo Chato. Nikasema, "Minza, yule dume wa mama yako..."

"Mama alijua," akanikatiza, bila hasira. "Siku uliyompasua alipita jikoni, Mama Salome akamwonyesha. Samaki wa kuliwa hapasuliwi kwa wembe, na huyu vifuko vya mbegu havikuwemo. Akangoja useme, hadi ng'ombe akapelekwa kwa Maduhu, ndipo akaja kukuuliza."

Nilikaa chini mkekani. Nikauliza kwa nini basi hakusema, na Mama Salome kwa nini hakusema, wakati ng'ombe alikuwa anapelekwa kwa mtu mwingine.

"Alimkataza. Alisema, 'Vero ndiye aliyenisema mbele za watu, acha Vero aniseme tena mbele za watu. Akisema mwingine utakuwa umbea wa jikoni.' Mpaka juzijuzi, ukitajwa redioni na semina zako, alikuwa anasema, huyu atakuja."

"Na hakuna aliyempa ng'ombe tena?"

"Nani angempa, dada? Tulikua bila maziwa. Tumekua hivyohivyo." Akanipangusa uso kwa khanga yake, kitendo ambacho sikustahili, akasema wanangoja salamu kabla ya kwenda makaburini, kama nina neno.

Nilitoka nje. Watu walikuwa wengi chini ya turubai, na nilipopitisha macho nilitafuta nyuso za mwaka ule. Mzee Lushinge alikwisha kufa. Maduhu alikufa. Abdala alizikwa Geita. Wale walioshika mbavu kwa kicheko hawakuwepo, na mbele yangu walikaa vijana wenye simu, wajukuu na majirani wapya, ambao hawajawahi kusikia jina la Mama Mfungo. Mmoja tu nilimtambua, Mama Salome, mzee sana, kwenye kiti cha plastiki safu ya mbele, mkono mmoja nyuma ya sikio. Nikasimama pembeni ya jeneza. Nikasema jina langu, nikasema kazi niliyoifanya kwa Mzee Lushinge, nikaeleza siku ya sufuria na maneno niliyoyatamka, na darubini, na alivyokuja mlangoni na nilivyomjibu. Sauti ilikuwa inakatika. Nilipomaliza vijana walikuwa wakitazamana wakijiuliza samaki wanaingiaje msibani. Nikageuka nirudi kukaa.

Mama Salome akagonga fimbo yake chini. "Sema tena, Vero," akasema. "Paza sauti. Hawa hawakuwepo."

Nikarudi pembeni ya jeneza, nikapaza sauti. "Samaki aliyejaza mabwawa ya Masumbwe mwaka ule alikuwa wa mama huyu. Yeye ndiye aliyemfuga, na alimfuga vizuri kuliko wote. Mimi ndiye niliyempasua, na nilijua siku ileile."